Tukimaliza Kukimbia, Nani Atasikiliza?



Si ajabu siku hizi kukutana alfajiri ya Jumamosi na kundi la watu wazima waliovaa fulana za rangi moja, wakikimbia barabarani kwa nyimbo na vicheko, na nyuma yao gari la wagonjwa likitambaa polepole. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi za zamani tunaukumbuka mchakamchaka wa asubuhi. Tulikimbia pekupeku, na hakuna aliyetuuliza kama tunaupenda. Leo watu wanalipa kiingilio ili wakimbie! Wanakimbia kwa ajili ya saratani, kwa ajili ya akina mama wenye fistula, kwa ajili ya madawati ya shule. Na sasa afya ya akili nayo imepata mbio zake, zenye mabango yanayosema tuvunje ukimya, tuzungumze, tusione haya.

Baadhi ya wasomaji wametuuliza: je, mbio hizi zinamsaidia nini mtu mwenye ugonjwa wa akili? Mmoja ametuandikia kwa uchungu kwamba nyumbani kwao kuna ndugu aliyefungiwa chumba cha uani kwa miaka sita, na kwamba hajaona fulana yoyote iliyomfungulia mlango. Swali hilo ni zito na halistahili jibu la haraka haraka. Maoni yetu ni kwamba mbio hizi zinasaidia, tena sana, lakini si kwa namna wengi wanavyofikiri. Aidha, zikiendeshwa ovyo, zinaweza kumwacha mtu pabaya kuliko zilivyomkuta. Basi tuanzie mahali ambapo jambo hili lilifanyika kwa ukubwa usiokuwa wa kawaida.

SIKU YA LONDON

Jumapili tarehe 23 Aprili 2017 zilikimbiwa mbio za London, zile za kilometa 42 na ushee zinazoanzia upande wa Greenwich na kuishia karibu na jumba la mfalme. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tunaikumbuka siku ile kwa fahari. Mary Keitany wa Kenya alishinda kwa saa 2 dakika 17 na sekunde 1, akavunja rekodi ya dunia ya mbio za wanawake peke yao ambayo Paula Radcliffe wa Uingereza aliiweka mwaka 2005. Kwa upande wa wanaume alishinda Mkenya mwingine, Daniel Wanjiru, kwa saa 2 dakika 5 na sekunde 48. Tulishangilia, tukalala.

Wachache wetu tulitambua kwamba nyuma ya mabingwa hao walikuwa wanakuja zaidi ya watu 39,000 wa kawaida, walimu, makarani, akina mama wa nyumbani, na kwamba mwaka ule mbio zile zilikuwa zimetolewa kwa ajili ya afya ya akili. Wakimbiaji wengi walivaa vitambaa vya buluu kichwani, alama ya kampeni iliyoitwa Heads Together, iliyoanzishwa mwaka 2016 na William, mkewe Kate, na Harry, wajukuu wa Malkia wa Uingereza wa wakati ule.

Siku chache kabla ya mbio hizo, Harry alizungumza na mwandishi wa magazeti Bryony Gordon. Mama yake, Diana, alikufa kwa ajali ya gari mwezi Agosti 1997, yeye akiwa na umri wa miaka 12. Alieleza kwamba baada ya pale alizifungia hisia zake zote kwa karibu miaka 20, na kwamba alikwenda kutafuta msaada wa ushauri akiwa na miaka 28, baada ya kukaribia kuanguka kabisa. Ndugu yake ndiye aliyemhimiza.

Labda msomaji atasema: huyo ni mtoto wa mfalme, ana walinzi na mali, akisema lolote hapotezi kitu. Ni kweli, na jambo hilo tutalirudia. Lakini fikirini pia kwamba mtoto yule alionekana na dunia nzima akitembea nyuma ya jeneza la mama yake, na bado ilipita miaka mingi kabla hajapata mtu wa kumweleza lililokuwa moyoni. Kama yeye aliyezungukwa na watu hakupata sikio, itakuwaje kwa kijana wa kwetu aliyefiwa na wazazi wote wawili, anayeambiwa kila siku ajikaze kwa sababu yeye ni mwanamume?

Huyo Bryony Gordon naye ana habari yake. Tangu ujana amesumbuliwa na ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila kukoma, yale yanayomfanya mtu aamini kwamba ameua au ameleta balaa, hali hakufanya kitu. Mwaka 2016 aliwaita watu wenye shida za namna hiyo wakutane bustanini London, watembee pamoja na kuzungumza. Hakukuwa na kiingilio, wala daktari, wala hotuba. Wakatembea tu. Matembezi hayo yakaenea katika miji mingine. Na mwaka uliofuata mwenyewe akakimbia zile mbio za kilometa 42, yeye ambaye si mkimbiaji.

Kuna jambo moja zaidi la siku ile ambalo hatuwezi kuliacha. Zikiwa zimebaki mita chache tu kufika mwisho, mkimbiaji mmoja aliishiwa nguvu kabisa. Miguu ikawa kama uzi, akaanguka, akajaribu kuinuka, akaanguka tena. Mwenzake kutoka Wales, ambaye hawakuwa wanafahamiana, aliyekuwa anakazana ili apate muda mzuri, aliacha kukimbia, akamshika kwapani, wakaenda hatua kwa hatua mpaka mstarini. Picha zake zilizunguka dunia. Wazee wa mchezo huo walikumbuka mbio za kwanza kabisa za London, tarehe 29 Machi 1981, ambapo Mmarekani Dick Beardsley na Inge Simonsen wa Norway, waliokuwa wanaongoza pamoja, waliamua kushikana mikono na kuvuka mstari sawia. Hakuna aliyeshindwa siku hiyo.

Na je, wasomaji, mnajua yaliyompata Beardsley baadaye? Mwaka 1989 alipata ajali mbaya ya mashine shambani kwake. Madaktari walimpa dawa za kutuliza maumivu, naye akawa mtumwa wa dawa hizo. Mwaka 1996 alikamatwa kwa kughushi karatasi za daktari. Akatibiwa, akapona utumwa ule, na tangu hapo amezunguka akiwaeleza watu habari zake bila kuficha. Mtu yule yule aliyeshangiliwa na maelfu alikuwa anameza vidonge kwa siri. Makofi hayazuii maradhi.

MWALIMU NA KIPAZA SAUTI

Sasa turudi kwetu. Tunamfahamu mwalimu mmoja, ambaye hatutamtaja wala hatutataja mji wake. Alishiriki mbio za kilometa tano za kuhamasisha afya ya akili. Mwisho wa mbio, watu wakiwa na furaha, maji na ndizi mikononi, mwendesha shughuli aliuliza ni nani mwenye ushuhuda. Mwalimu akachukua kipaza sauti. Akasema kwamba amewahi kutibiwa sonona mara mbili, kwamba kuna siku alishindwa kuinuka kitandani kwenda darasani, na kwamba sasa anaendelea vizuri na anatumia dawa. Watu walipiga makofi. Wengine walilia. Akapigwa picha.

Jumatatu wanafunzi walikuwa wananong'ona. Jumatano wazazi wawili walifika kwa mkuu wa shule kuuliza kama watoto wao wako salama. Kabla ya mwezi kwisha mwalimu alikuwa amehamishiwa stoo, kutunza vitabu, "ili apumzike". Mchumba wake alishauriwa na shangazi zake afikirie vizuri. Katika wale wote waliopiga makofi pale uwanjani, hakuna hata mmoja aliyefika nyumbani kwake.

Tunaisimulia habari hii si kwa kuwavunja moyo wanaoandaa mbio. Ila tunataka kusema wazi kwamba kuvunja ukimya si mchezo. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ukurasa huu umeitumia methali hiyo mara nyingi. Lakini tukiitazama vizuri, methali yenyewe inamlaumu mgonjwa peke yake. Haiulizi kwa nini ameficha. Mtu haufichi ugonjwa wa malaria. Anaficha ule ambao akiutaja atapoteza kazi, au mchumba, au heshima. Hebu fikirini jinsi majina ya hospitali zetu yalivyogeuka kuwa matusi: Tanzania mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia aende Mirembe, na Kenya humwambia aende Mathari. Hakuna anayetukanwa kwa jina la hospitali ya mifupa. Na mgonjwa anayesikia mzaha huo mezani, akiwa katikati ya ndugu zake wanaocheka, anajifunza palepale kwamba afunge mdomo.

Kwa sababu hiyo sisi tunaamini kwamba anayepaswa kufungua kinywa kwanza si mgonjwa, bali ni mzima. Mzima ndiye aseme hadharani: mimi nikimsikia mtu ana ugonjwa wa akili sitamcheka, sitamnyang'anya kazi, sitamzuia mwanangu asiolewe naye. Hayo yakisemwa, tena yakatendwa, mgonjwa atasema mwenyewe siku anayotaka, kwa mtu anayemtaka. Na asipotaka kusema kwa mkutano wote, ni haki yake. Siri ya ugonjwa ni mali ya mgonjwa.

TULIWAHI KUIPITA NJIA HII

Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka jinsi UKIMWI ulivyokuwa hautajwi. Mwaka 1989 mwanamuziki mashuhuri wa Uganda, Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alirudi kwao akatangaza mbele ya watu kwamba ana ugonjwa huo. Wapo waliomdhihaki. Wapo waliosema anatafuta fedha, kwamba amenona mno kuwa mgonjwa. Naye alitumia nguvu zake za mwisho kuzunguka kwenye shule na makanisa, akisema na vijana uso kwa uso, mpaka alipofariki Desemba mwaka uleule. Waganda wengi wanakiri kwamba baada yake haikuwa rahisi tena kusema kwamba ugonjwa huo ni wa watu fulani tu.

Lakini tusisahau upande wa pili. Wakati Lutaaya anasimama jukwaani, tayari kulikuwa na mlango wa kubisha. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alikuwa amefariki kwa UKIMWI, pamoja na wenzake wachache, walikwisha kuanzisha chama cha TASO. Aliyesikia maneno ya Lutaaya na kujitambua alikuwa na mahali pa kwenda, akapokewa, akapewa chai, akasikilizwa na mtu anayejua. Jukwaa bila mlango ule lingezaa vilio tu. Na mlango bila jukwaa ungebaki bila mtu wa kuubisha. Ndiyo maana tunapoona mbio za afya ya akili tunatafuta kwanza huo mlango uko wapi.

BENCHI LA BIBI

Pengine msomaji atasema kwamba sisi hatuna madaktari wa kutosha wa magonjwa ya akili, kwa hiyo mlango tutaupata wapi? Jibu zuri kuliko yote tunayoyafahamu limetoka Zimbabwe.

Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na mgonjwa kijana aliyejiua. Mama wa marehemu alipoulizwa kwa nini hawakumleta hospitali kama walivyokuwa wamekubaliana, alijibu kwamba hawakuwa na nauli ya basi. Ilikuwa kama dola 15 hivi za Kimarekani. Msiba huo ulimfanya daktari atambue kwamba haitoshi kumngoja mgonjwa hospitalini. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, aliwachukua akina bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika huduma za afya za mtaa, akawafundisha namna ya kumsikiliza mtu na kumsaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Wakawekewa benchi la mbao nje ya zahanati, chini ya mti. Wakaliita Benchi la Urafiki.

Akina bibi hao hawakutumia maneno makubwa ya kitaalamu. Kwa Kishona hali ile huitwa kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Je, si ndivyo tusemavyo hata sisi? Hatusemi fulani ana sonona. Tunasema ana mawazo. Lugha zetu zimeujua ugonjwa huu siku zote. Ila sisi tulidhani kwamba dawa yake ni kumwambia mtu aache kuwaza, kama vile kumwambia mwenye kikohozi aache kukohoa.

Benchi hilo lilipimwa kwa haki, kama dawa inavyopimwa. Watu 573 katika zahanati 24 za Harare waligawanywa, wengine wakakaa na bibi benchini, wengine wakapata huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Baada ya miezi sita, karibu nusu ya wale wa huduma ya kawaida walikuwa na dalili za sonona. Kwa wale waliokaa na bibi, walikuwa kama 14 tu katika kila mia. Bibi na benchi! Nani kati yetu hana bibi mtaani, na parokia gani haina benchi?

KUKIMBIA KWENYEWE KUNATIBU?

Hapa tuseme kidogo, kwani swali hili huulizwa sana. Ndiyo, mwili ukitembea akili nayo hupata nafuu. Mwaka 2024 jarida la madaktari la Uingereza lilichapisha mapitio ya majaribio 218 yaliyohusu watu zaidi ya 14,000 wenye sonona, na kutembea au kukimbia polepole vilikuwa miongoni mwa mazoezi yaliyosaidia zaidi. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima atumie walau dakika 150 kwa juma katika mazoezi ya wastani. Kwa mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani, au mkulima, pengine hizo amekwisha kuzipata kabla ya Jumatano, na hatuna haja ya kumwambia akimbie. Maneno haya yanawahusu zaidi wanaokaa ofisini na madukani, waandishi wa ukurasa huu wakiwamo.

Ila jihadharini na mambo mawili. Mwenye sonona nzito hana uwezo wa kukimbia. Kuvaa viatu tu kwake ni mlima. Kumwambia atoke akimbie ni kumwongezea lawama juu ya zile anazojilaumu mwenyewe. Tena, asitokee mtu akaacha dawa alizopewa hospitali kwa sababu amejiunga na kikundi cha mazoezi. Mwenye kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mwenye kuona kwamba majirani wanamfuatilia ili wamdhuru, huyo apelekwe akaonwe na mganga wa hospitali mapema iwezekanavyo. Akipewa dawa azitumie kama alivyoelekezwa, na asiziache bila kuagana na aliyempa. Na yule ndugu wa chumba cha uani, tuliyeandikiwa habari zake, atolewe. Anzeni na kituo cha afya cha karibu, mkamweleze mganga hali halisi. Kumfungia mtu kwa miaka si kumtunza, hata kama ilianza kwa nia njema na kwa kuchoka, nasi tunajua familia huchoka.

NENO TUNALOLIOGOPA

Kuna neno moja ambalo hata katika mbio za uwazi halitajwi, nalo ni kujiua. Kwa muda mrefu sheria zenyewe zilitufunga midomo. Nchini Kenya, mpaka juzi, mtu aliyejaribu kujiua akaokolewa aliweza kufikishwa mahakamani na kufungwa hadi miaka miwili. Ni mwezi Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Je, katika hofu ya namna hiyo nani angekwenda kusema kwamba ana wazo hilo?

Wengi huogopa kumuuliza mtu swali hili wakidhani watampandikizia wazo. Sivyo. Wataalamu wanatuhakikishia kwamba kuuliza wazi, kwa upole, faraghani, hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo, na mara nyingi humpa nafuu kwamba hatimaye yuko mtu wa kumwambia. Basi tuulize kwa maneno ya kawaida: Mwanangu, naona siku hizi umebadilika, huli, hulali. Je, umefikia mahali pa kutamani kufa? Umewaza kujiua? Akijibu ndiyo, usimkemee, usimhubirie, usianze kusimulia shida zako. Kaa naye. Usimwache peke yake. Vitu vya hatari na dawa za shambani vitolewe nyumbani au vifungiwe, kisha mwende pamoja hospitali siku hiyohiyo, si kesho.

KAMA MNAANDAA MBIO

Tukiulizwa sasa kama parokia au mtaa uandae mbio za namna hii, jibu letu ni ndiyo, uandae. Ila tungependa kuona haya. Mbio zisiwe za kulipia kiingilio kikubwa, kwani wanaohitaji kuwapo ndio wasio nacho. Kipaza sauti kisitolewe kwa yeyote aliyeguswa ghafula. Mwenye kutaka kusimulia habari zake aandaliwe mapema, aulizwe kama nyumbani kwake na kazini kwake wanajua, na awe na mtu wa kumtembelea juma linalofuata. Katika njia yote pawe na mabenchi, na katika kila benchi akae mtu aliyefundishwa kusikiliza, awe mama wa makamo, katekista au mhudumu wa afya, ili anayechoka kukimbia, au anayejifanya kuchoka, apate pa kukaa. Na jina la mganga wa kituo cha afya anayewaona wenye shida hizi, na siku zake za kazi, vitangazwe kwa sauti zaidi kuliko jina la mfadhili wa fulana.

Mfano wa mbio zisizo na makuu upo. Mwaka 2004 Paul Sinton-Hewitt, mzaliwa wa nchi ambayo leo ndiyo Zimbabwe (ndiyo, tena Zimbabwe), alikuwa London akiwa ameumia hawezi kukimbia, na kazi ameipoteza. Amesema mwenyewe kwamba alikuwa katika hali ya unyonge mkubwa. Alichokikosa zaidi ya mbio ni marafiki. Akawaalika Jumamosi tarehe 2 Oktoba katika bustani ya Bushy Park wakimbie kilometa tano, yeye akiandika muda wao, kisha wanywe kahawa pamoja. Walikuja watu 13. Mkusanyiko huo, ambao sasa unaitwa parkrun, umeenea katika nchi zaidi ya 20, kila juma, bila kulipa senti. Tangu mwaka 2018 zahanati nyingi za Uingereza zimejiunga nao rasmi, na daktari humwambia mgonjwa wake mpweke kwamba Jumamosi aende akatembee na wenzake.

Kwetu tunachokipenda zaidi katika utaratibu wao ni kitu kidogo. Kila Jumamosi, kati ya wanaojitolea, mmoja hupewa kazi ya kwenda nyuma ya watu wote. Hakimbii. Hutembea na yule wa mwisho kabisa kwa mwendo wake yule, akisimama naye anasimama, wakizungumza kama anataka kuzungumza, na huvuka mstari baada yake.